Saa 4 Usiku, Nani Anakurudisha Nyumbani?

Kuna maswali ambayo wapenzi huulizana kila siku. Umekula? Uko wapi? Mbona hupokei simu? Kwenye meza yangu ya uhariri yanapita maswali ya mapenzi ya kila aina: ya wivu, ya mawifi, ya mshahara, ya meseji zilizofutwa. Lakini bado sijapokea barua hata moja ya mtu anayeuliza hivi: huyu anayenirudisha nyumbani usiku, ana muda gani tangu aanze kuendesha gari?

Swali hilo nilikutana nalo mbali kabisa na Dar es Salaam. Mwezi wa nane mwaka 2023 nilikwenda Auckland, Nyuzilandi, kumtembelea dada yangu. Dada anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mara nyingi anapangiwa zamu ya usiku. Shemeji ni fundi bomba. Kijana wao, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu na mimi, alikuwa na miaka 18, anajifunza kazi ya umeme wa majumbani, na saa 1 kamili asubuhi alitakiwa awe ameshafika kwenye majengo yanakojengwa, leo upande huu wa jiji, kesho upande ule. Bila gari, kazi hiyo hana.

Alikuwa pia na mwenzake. Binti mpole, mcheshi, wa familia iliyotoka Bukavu, Kongo. Nyumbani kwao wanaongea Kiswahili chao cha Kongo, kwetu cha Dar, na wale vijana wawili walikuwa wakichanganya vyote na Kiingereza cha Auckland mpaka unacheka mwenyewe. Mama wa binti alikuwa na sharti moja tu: saa 5 usiku binti awe ndani.

Sasa shikilia hapo, maana mgogoro wote niliouona umezaliwa kwenye saa.

Leseni yenye saa

Nyuzilandi huwezi kufaulu mtihani leo na kesho ukaendesha popote, saa yoyote, na yeyote. Tangu mwaka 1987 wana utaratibu wa leseni kwa ngazi, na walikuwa wa kwanza duniani kuuweka ukiwa kamili. Kwanza unapata leseni ya mwanafunzi, ambayo tangu mwaka 2011 inaanzia miaka 16 badala ya 15. Hapo huruhusiwi kuendesha bila msimamizi. Baada ya miezi 6 unaweza kufanya mtihani wa barabarani, ukifaulu unapewa leseni yenye masharti. Mwisho kabisa ndiyo unapata leseni kamili. Kwa taratibu za mwaka ule nilipokuwa kule, kijana wa chini ya miaka 25 alikaa na masharti kwa miezi 18, au 12 kama amehudhuria kozi iliyoidhinishwa.

Masharti yenyewe mawili ndiyo yanayouma. La kwanza: ukiwa peke yako unaendesha kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Ikishagonga saa 4, lazima siti ya mbele pembeni yako akae msimamizi, yaani mtu mwenye leseni kamili kwa muda usiopungua miaka 2. La pili: bila msimamizi huyo hupakii abiria, iwe mchana au usiku, isipokuwa watu wachache walioorodheshwa, kama mke au mume, mwenza mnayeishi pamoja, mtoto wako, na mtu unayemtunza.

Umeona hapo? Sheria inamjua mke. Inamjua mpaka mwenza ambaye hamjafunga ndoa ila mnaishi pamoja. Mchumba anayeishi kwao haimjui.

Mwanangu aliposomewa hilo mezani alijaribu utani. "Kwa hiyo ningekuwa nimemuoa, siti ya mbele ingekuwa halali yake."

Shemeji akamtazama. "Yaani uoe kwa ajili ya siti ya mbele?"

Dada hakucheka. "Hata ungeoa, saa 4 ni saa 4."

Pengo la saa moja

Ilikuwa Ijumaa. Vijana walikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao. Sherehe ikanoga, ikapita saa 4. Mama wa binti anataka mtoto saa 5, serikali inataka gari limepaki saa 4, na mabasi ya upande ule wakati huo yanapita kwa kubahatisha. Kijana wetu akafanya ambalo wanaume wengi tuliowasifu kwenye kurasa hizi wangelifanya. Akampakia binti, akamfikisha mlangoni kwao, akamwamkia mama mtu kwa heshima zote, akageuza gari.

Alipobakiza kama kilomita moja kufika nyumbani, akakuta kizuizi cha askari wanaopima ulevi. Akapuliza, kipimo kikasoma sifuri. Mwendo wake ulikuwa mzuri, taa zinawaka, mkanda umefungwa. Askari akaomba leseni, akatazama saa. Saa 4 na dakika 50. Akaandika.

Shemeji alipopigiwa simu alivaa koti juu ya nguo za kulalia, kwenye baridi ya Agosti ambayo kule ndiyo kipupwe, akatembea kwa miguu mpaka kwenye kizuizi ili akae siti ya mbele na gari lirudi nyumbani kihalali. Mimi nilibaki jikoni nikichemsha chai, nikawasikia wanaingia bila maneno. Dada alikuwa kazini.

Kijana aliniuliza swali moja tu usiku ule. "Mama mdogo, ningemwacha kituoni peke yake?"

Ni swali zuri, na nadhani kila anayeisoma sheria ile kwa haraka atasimama upande wake. Hakulewa, hakukimbia, hakumdhuru mtu. Amemfikisha msichana wa watu kwao kabla ya saa aliyopewa. Kosa lake ni nini, zaidi ya saa ya ukutani?

Giza halina adabu

Jibu ni kwamba sheria ile haikumshtaki kwa tabia yake. Tabia yake ilikuwa njema. Kinachopimwa pale ni uzoefu, na uzoefu hauji kwa kuwa na tabia njema.

Kuendesha gari mchana, ukiwa peke yako, kwenye njia uliyoizoea, ni kazi moja. Kuendesha usiku ni kazi nyingine kabisa: macho yanaona kidogo, mwili umechoka, na wanaotoka kwenye starehe nao wako barabarani. Ukiongeza abiria wa rika lako, ni kazi ya tatu. Mwaka 2012 taasisi ya Kimarekani iitwayo AAA Foundation for Traffic Safety ilichapisha utafiti kuhusu madereva wa miaka 16 na 17. Ilionekana kuwa dereva wa umri huo akiwa na abiria mmoja wa chini ya miaka 21, na bila mtu mzima garini, hatari yake ya kufa kwa kila maili anayoendesha hupanda kwa asilimia 44 kuliko akiwa peke yake. Wakiwa wawili, hatari huwa mara mbili. Wakiwa watatu au zaidi, mara nne hivi. Huko huko Marekani mwaka 2020, asilimia 44 ya vifo vya vijana wa miaka 13 hadi 19 katika ajali za magari vilitokea kati ya saa 3 usiku na saa 12 asubuhi, saa ambazo wengi wao wamelala.

Tazama vizuri maana ya takwimu ile ya kwanza. Abiria mwenyewe, yule unayempenda na unayemrudisha kwao kwa heshima, ni sehemu ya hatari. Siyo kwa sababu ni mbaya. Ni kwa sababu yupo, anaongea, anacheka, na wewe bado hujafika mahali ambapo mikono inaendesha yenyewe huku moyo uko kwenye maongezi. Nahodha hamwanzishi mwanawe kwenye kusi. Anamwanzisha bahari ikiwa shwari, pwani inaonekana, kisha anamsogeza taratibu.

Na sisi hatuna ugeni na barabara yenye saa. Kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 90 mabasi yetu ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, mpaka serikali ilipoyafungulia tena mwaka 2023. Tulilala Morogoro, tulilala Dodoma, tukalalamika. Lakini sikumbuki abiria aliyeona ametukanwa kwa kuambiwa asubiri alfajiri.

Dola 100 na pointi 35

Adhabu ya kuvunja masharti yale ni faini ya dola 100 za kule pamoja na pointi 35 za makosa. Ukifikisha pointi 100 ndani ya miaka 2, leseni inasimamishwa miezi 3. Piga hesabu mwenyewe: makosa matatu ni pointi 105. Mara mbili unapona, ya tatu umekwisha.

Asubuhi yake dada alirudi kutoka zamu, akakuta karatasi juu ya meza. Akaisoma mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, ya kwanza. Umejifunza."

Kijana akanyamaza. Shemeji naye akanyamaza, na mimi nikaona kuna kitu kimepita kati yao. Kisha mtoto mwenyewe akasema, "Mama, hii ni ya pili."

Kumbe mwezi wa sita aliandikiwa nyingine, kwa kumpakia rafiki yake kutoka mazoezini. Baba akaipokea, akailipa kimya kimya, akamwambia asimsumbue mama, amechoka na zamu. Sasa kijana ana pointi 70, na dada ndiyo kwanza anasikia.

Nimewahi kushuhudia wanandoa wakigombana kwa makelele. Huu haukuwa hivyo, ulikuwa wa sauti ya chini kabisa, na ndiyo uliotisha. Dada alisema hakuumia kwa sababu ya dola 100. Aliumia kwamba kwa miezi miwili alikuwa akimtuma mwanawe dukani, akimwambia "mpitie na mwenzako njiani", bila kujua kwamba kila safari kama hiyo inachezea kazi ya mtoto. "Hukumlipia faini," alimwambia mumewe. "Ulimnunulia ruhusa."

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alitaka mke wake alale. Alitaka mtoto asigombezwe. Ni huruma tunayoifahamu sote, ya baba anayeingiza mkono mfukoni ili nyumba itulie. Tatizo ni kwamba dola 100 baba anaweza kuzitoa. Zile pointi 35 hawezi kuzibeba. Hazikopeshwi, hazigawanywi, zinakaa kwenye jina la kijana mwenyewe. Nilisomea mawasiliano chuoni, na nakwambia sijaona ujumbe uliotungwa vizuri kama ule: upande mmoja wa karatasi unaongea na mfuko, upande wa pili unaongea na mtu.

Dada naye aliambiwa ukweli wake, na aliupokea. Shemeji alimuuliza, kwa upole, ni usiku ngapi kwa mwezi wao wawili wako nyumbani kwa pamoja, wana nguvu ya kwenda kumchukua mtoto. Ni kweli. Rafiki wa kijana wetu, ambaye mama na baba yake wanarudi saa 11 jioni, havunji masharti kwa sababu hana haja ya kuyavunja. Akipiga simu, gari linakuja. Sheria ni moja kwa wote, lakini inaelemea zaidi nyumba ambayo mama yuko zamu na baba anaamka saa 10 alfajiri. Hilo halimwondolei kijana kosa. Linaonyesha tu kwamba saa 4 usiku siyo mzigo wa kijana peke yake. Ni deni la familia, na deni la familia linalipwa kwa kupangwa.

Siti ya mbele

Walikaa mezani Jumapili, wote watatu, na mimi nikiwa shahidi. Waliyokubaliana yalijaa nusu karatasi, ikabandikwa kwenye mlango wa friji.

Faini ya pili kijana aliilipa mwenyewe, kwa mshahara wake wa mafunzo, kidogo kidogo, bila kuongezewa hata senti. Abiria bila msimamizi, hapana, hata kama ni mwendo wa dakika tano. Kila anapotaka kutoka jioni, kabla hajashika ufunguo, anataja jina la atakayekaa siti ya mbele baada ya saa 4. Akikosa jina, anarudi kabla ya muda, au gari linabaki. Na mama wa binti apigiwe simu aelezwe, maana yeye na serikali walikuwa wanavutana bila kujuana.

Simu hiyo aliipiga dada, mama kwa mama. Ilichukua karibu saa nzima, nusu yake ikiwa salamu. Mama yule alishtuka. Alidhani anamlinda binti yake kwa kuweka saa 5, kumbe saa yake ndiyo iliyokuwa inamsukuma kijana barabarani wakati usioruhusiwa. Akashusha muda wake mwenyewe. Akasema pia jambo ambalo sikulitarajia: binti kuchelewa kidogo akiwa amekaa salama sebuleni kwa wenzake ni afadhali kuliko kuwahi kwa gari la mashaka.

Jumamosi iliyofuata nililiona jambo ambalo nitalikumbuka siku nyingi. Vijana wanakwenda sinema, filamu inaisha saa 4 na robo. Jina lililotajwa: baba. Shemeji akaamka kwenye kochi, akavaa koti lake, akapanda basi la mwisho la jioni kwenda kuwapokea. Kurudi, mtoto yuko kwenye usukani, baba siti ya mbele, binti nyuma na bisi zake. Msimamizi akiwepo, abiria ni halali. Mimi nilikuwa mlangoni wakishuka baada ya kumfikisha binti kwao, baba na mwana bado wanabishana kama kijana alikata kona mapema mno. Ndani ya nyumba ile hawakuwa wameongea kwa urefu hivyo tangu nifike.

Shemeji aliniambia baadaye kwamba safari zile zilimfundisha mwanawe kuliko kozi yoyote, na kwamba hata yeye alijifunza jambo. Alijua mtoto anaendesha. Hakujua anaendeshaje. Hakujua kwamba usiku anakaribia sana mstari wa katikati, wala kwamba binti akianza kusimulia kitu anageuza shingo. Hayo huyaoni kwa kulipa faini. Unayaona ukiwa umekaa pale pembeni.

Faini ya tatu haikuja. Mwaka 2024 alifaulu mtihani wake wa mwisho, akapata leseni kamili, na kazi yake anayo. Yule binti hawako pamoja tena, mambo ya ujana, waliachana kwa amani. Mama yake bado anaongea na dada kwa simu.

Wewe na wako

Kwetu Tanzania leseni ya gari dogo inaanzia miaka 18, na mimi sijawahi kusimamishwa na trafiki usiku akaniuliza nina miezi mingapi tangu nipate leseni. Hakuna askari atakayetazama saa kwa niaba yako. Lakini giza la barabara ya Bagamoyo ni giza lile lile, na dereva wa miezi mitatu ni wa miezi mitatu, hata kama ana miaka 29, tai, kazi benki na gari la mkopo linalonukia upya.

Kwa hiyo kama ninyi ni wapenzi na mmoja wenu ndiyo kwanza amepata gari, jiwekeeni masharti yenu. Miezi ya mwanzo toeni miadi ya mchana. Usiku mwende na gari moja tu, siyo marafiki wanne wamejazana nyuma na muziki juu. Kama mmoja wenu ni mzoefu zaidi, akae mbele, aangalie barabara na siyo simu. Kukiwa hakuna mzoefu, teksi au bajaji siyo aibu. Na muda wa kurudi usipangwe na mmoja peke yake: mama mwenye saa yake, baba mwenye saa yake na dereva mwenye uchovu wake wakae waulinganishe kabla ya kutoka, siyo njiani.

Na kama unamlipia mtu faini, mwenzako ajue. Pesa ikishatoka, muulizeni huyo dereva kwa pamoja atarudije nyumbani Ijumaa ijayo.